Mhandisi wa Reli Aliyeishia Kwenye Maji

Lusu haina stesheni. Kata hii ya Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, imekuwa na dhahabu, ikawa na mgodi wa Golden Pride uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa 2013, na kabla ya hayo nchi yote inayoizunguka ilikuwa mapito ya misafara iliyotoka Unyanyembe, nchi ya Tabora, kwenda Ziwa Victoria. Reli ya Tabora–Mwanza ilipojengwa, iliiacha mashariki, ikashika njia ya Bukene, Isaka na Shinyanga hadi ziwani.

Kwa nini reli ipite huku na si kule? Kwa nini kijiji kimoja kipate stesheni na jirani yake abaki akisikia honi kwa mbali usiku? Mtu mmoja aliishi na maswali ya aina hiyo kwa miaka 41. Jina lake lilikuwa Clement Gillman. Aliingia nchini akiwa kijana wa kupima matuta ya reli, akapanda hadi kuwa mhandisi mkuu, na alipotoka kwenye reli aligeukia jambo ambalo wapagazi wa Kinyamwezi walilijua kabla hajazaliwa: katika nchi hii, mwenye kutaka kufika huuliza kwanza maji yako wapi.

Gillman alizaliwa Madrid, Hispania, mwaka 1882. Baba yake alikuwa Mwingereza, mama yake Mjerumani, na masomo aliyapata Ujerumani na Uswisi. Mwaka 1905 aliajiriwa na kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt, akapanda meli kuja Dar es Salaam. Mwezi Februari mwaka huohuo ujenzi wa Reli ya Kati ulikuwa umezinduliwa, na miezi michache baadaye vita vya Maji Maji vikawaka kusini mwa nchi.

Wajerumani walikuwa na haraka yao. Mwishoni mwa 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu, kwenye Ziwa Victoria. Kuanzia hapo ngozi na pembe za ndovu za nchi za ziwani, ambazo zingeteremka hadi Tabora na kutoka hapo hadi Bagamoyo, zilipakiwa melini Mwanza na Bukoba, zikavuka hadi Kisumu na kuteremkia Mombasa. Koloni la Mjerumani likawa linanenepesha reli ya jirani. Waziri wa makoloni, Bernhard Dernburg, alikuja kujionea mwenyewe mwaka 1907. Desemba ya mwaka huo reli ikafika Morogoro, na mwaka uliofuata bunge la Berlin likakubali iendelee mpaka Tabora.

Njia waliyoifuata ilikuwa imekwisha kupimwa kwa miguu. Kwa zaidi ya nusu karne misafara ilikuwa ikitoka Bagamoyo na Saadani, ikikata Usagara, ikiingia Ugogo na kulipa hongo kwa kila mtemi, kisha ikijitosa Mgunda Mkali, nyika iliyotenganisha Ugogo na Unyanyembe. Richard Burton alitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kaze, jirani na Tabora ya leo, alikofika Novemba 1857. Mwaka uliofuata mwenzake John Speke alishika njia ya kaskazini kutoka hapohapo, akaliona Ziwa Victoria mwishoni mwa Julai.

Safari hizo ziliendeshwa na Wanyamwezi. Mbele alitangulia kirangozi na ngoma yake, nyuma yake wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili au zaidi: pembe, majora ya merikani, shanga, chumvi, majembe. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Urefu wa mwendo wa siku haukupangwa kwa saa wala kwa maili. Uliamuliwa na umbali kutoka kisima hadi kisima, na kisima kikikauka msafara ulitembea usiku kucha.

Jambo ambalo wasomaji wa vitabu vya wapelelezi huwa hawalioni haraka ni kwamba misafara mingi ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda na familia. Wake walifuatana na waume zao, wakibeba vyungu, mikeka na watoto, na jioni kambi ilikuwa na mafiga yake na makelele ya watoto kama kijiji chochote cha Unyamwezi. Kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto, hata mbele ya wakwe. Kalenda ya safari nayo ilifuata shamba: wengi waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua, ili jembe lisilale.

Reli ilipokuja, watu walewale ndio walioijenga. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa sehemu kubwa ya nguvukazi ya Holzmann. Walichimba tuta, walipasua mawe, walibeba vyuma, chini ya wasimamizi wa Ulaya na wakandarasi wadogo, wengi wao Wagiriki, waliopewa vipande vya njia kwa mkataba. Hapa tena wengi walikuja na wake zao. Kambi za ujenzi zilihama kuelekea magharibi pamoja na reli, na kila moja ilizungukwa na wauza unga, wapika pombe na wanawake wenye bustani za muda. Ujuzi wa kuishi safarini na familia, uliojengwa na vizazi vya misafara, ndio uliomwezesha mkandarasi kuwa na maelfu ya watu katikati ya nyika.

Tazama kitu kimoja walichokibeba. Mataruma ya reli hii yalikuwa ya chuma, kwa sababu mbao chini ya ardhi ya Tanganyika ni chakula cha mchwa. Kila taruma ni bamba lililokunjwa pembeni na kuinamishwa miisho yake, likafukiwa katika kokoto, na juu yake reli mbili zilizoachana mita moja. Vyuma vya zamani vya reli vimezagaa nchi nzima hadi leo: shule nyingi za msingi hugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini badala ya kengele, na wanafunzi wanaoingia mstarini kwa mlio huo hawajui kwamba chuma hicho huenda kililetwa kwa meli kutoka Ujerumani.

Tabora ilifikiwa mwanzoni mwa 1912. Safari iliyowachukua wapagazi miezi mitatu ikawa ya siku chache. Miaka miwili baadaye, Februari 1914, reli ikafika Kigoma, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa nchi, ikabaki na magofu na nazi zake. Tabora haikufa, lakini ilibadilika: kutoka mji wa kupumzika wapagazi na kupatana bei, ikawa mji wa reli, wenye karakana, kota za wafanyakazi na ratiba. Wajerumani walikusudia kuiongeza iwe njia panda. Mwaka huohuo wa 1914 walianza kazi ya tawi la kutoka Tabora kuelekea Rwanda, na Dar es Salaam ilikuwa ikijiandaa kwa maonyesho makubwa ya kusherehekea Reli ya Kati mwezi Agosti.

Agosti ilikuja na vita.

Kwa Gillman vita hivyo vilikuwa na uchungu wa nyumbani: watu wa baba yake walikuwa wakipigana na watu wa mama yake, tena juu ya reli aliyoijenga yeye. Ilipoonekana kwamba Dar es Salaam haikaliki, Wajerumani walihamishia serikali yao Tabora. Walipoishiwa fedha, waligeuza mitambo ya reli iliyokuwa Lulanguru, karibu na mji, kuwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Iramba. Sarafu yenyewe ilikuwa ya rupia 15: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima Kilimanjaro, na chini mwaka 1916. Zilitoka takriban 16,000 tu, na leo wakusanyaji sarafu huzinunua ghali kuliko dhahabu iliyomo ndani yake.

Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji, wakiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, waliingia Tabora wakitokea magharibi. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walilipua madaraja ya reli, na kazi ya miaka kumi ikavunjwa kwa wiki chache. Upagazi, ambao reli ilikusudiwa kuuzika, ukafufuka kwa namna mbaya kuliko ya kwanza. Majeshi ya pande zote mbili yalihitaji watu wa kubeba chakula na risasi pasipo na reli, na Wanyamwezi walikamatwa kwa maelfu. Mpagazi wa zamani alipatana ujira wake na kuchagua msafara wake. Huyu wa vita alifungwa kamba shingoni, na wengi hawakurudi.

Baada ya vita Wajerumani wengi walirudishwa kwao. Gillman, Mwingereza kwa baba, alibaki na kuingia katika utumishi wa Reli za Tanganyika chini ya serikali mpya. Alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa wanaifahamu reli hiyo tangu kigingi cha kwanza kilipochomekwa ardhini. Wakati wa likizo alikuwa mtu wa milima. Mwaka 1921 alipanda Kilimanjaro na kufika kwenye ukingo wa shimo la Kibo, na mahali pale, mita zipatazo 5,685 juu ya usawa wa bahari, panaitwa Gillman's Point hadi leo. Waongozaji wa Marangu hulitaja jina hilo karibu kila alfajiri wanapowafikisha wageni ukingoni, ingawa wachache kati yao na wageni wao wanajua kwamba mwenye jina alikuwa mtu wa matuta na madaraja.

Katika miaka ya 1920 Waingereza waliirudia hoja ya kuiunganisha Tabora na ziwa. Badala ya kwenda Rwanda, tawi lilielekezwa Mwanza kupitia Shinyanga, penye watu wengi, ng'ombe wengi na pamba iliyokuwa inaanza kushika. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Hapo ndipo Bukene ilipopata stesheni na maduka ya Wahindi na Waarabu yaliyoizunguka, na Nzega na Lusu zikabaki kutegemea barabara. Mwaka huo Gillman alikuwa akishika cheo cha mhandisi mkuu, na mikononi mwake kulikuwa na kazi nyingine: upimaji wa awali wa reli ya kuelekea kusini-magharibi. Ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Reli hiyo haikujengwa wakati wake. Nyanda za kusini-magharibi zilingoja hadi miaka ya 1970, TAZARA ilipokata njia yake yenyewe, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia.

Miaka hiyo ya kupima njia ilimtembeza Gillman karibu nchi nzima, na mkononi hakukosa daftari. Shajara zake, alizoziandika kwa miongo, ziko Oxford, na wanahistoria wa Tanganyika wamezichota sana, akiwamo John Iliffe. Ni maandishi ya mtu asiyemwonea haya mkubwa wake. Aliandika juu ya udongo, mvua, misitu, njaa na upuuzi wa maofisini kwa pumzi moja. Mwanajiografia Brian Hoyle alipoandika kitabu juu ya maisha yake mwaka 1987, alimweleza kama mwanajiografia wa mwanzo wa nchi hii, kabla ya kumwita mhandisi.

Swali la mhandisi lilikuwa rahisi kulitamka. Reli hulipa pale penye watu na mazao. Je, watu wa Tanganyika wako wapi? Hesabu za watu zilikuwapo, lakini zilipangwa kwa wilaya, na wilaya moja ya bara inaweza kuwa na ukubwa wa nchi ndogo ya Ulaya. Gillman alichukua hesabu hizo akazipangua, akiweka watu pale wanapoishi hasa. Ramani yake ya wakazi ilichapishwa New York mwaka 1936 katika jarida la Geographical Review, na ilishangaza. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa tupu. Watu walikuwa wamesongamana pembezoni: Kilimanjaro, Usukuma, Bukoba, milima ya Nyanda za Juu Kusini, pwani. Katikati, reli yake ilipita mamia ya kilomita katika miyombo yenye mbung'o na wakazi wa kuhesabika.

Jibu alilolipata lilikuwa maji. Penye maji ya kudumu pana watu. Pasipo na maji, hata udongo mzuri hulala. Mtu wa reli ya mvuke hakuhitaji kufundishwa hilo darasani, kwa kuwa kichwa cha treni nacho hunywa. Ugogo na Mgunda Mkali viliisumbua reli kama vilivyoisumbua misafara: kila stesheni ilihitaji kisima, tenki na pampu, na mwaka wa kiangazi kikali ratiba ilipangwa na visima. Alipostaafu reli, serikali ilimteua kuwa mshauri wa maji, kazi aliyoifanya kuanzia 1938 hadi 1940. Ripoti yake ya mwaka 1940 ilizungumzia maji pamoja na ardhi, misitu na mifugo kama jambo moja, wakati idara za serikali zilikuwa bado zinayagawana kama mafungu ya nyama.

Lakini ramani yake ilikuwa na upofu wake, na watu wa Tabora wana haki ya kuuona. Mhandisi aliona nchi tupu akaandika kwamba maji na mbung'o ndivyo vilivyoifanya tupu. Wanahistoria waliokuja baadaye, hasa Helge Kjekshus katika kitabu chake cha 1977 juu ya ikolojia ya Tanganyika, waliuliza nchi hiyo ilikuwaje kabla. Majibu yao yanaumiza. Katika miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe, ndui na njaa vikafuata, funza waliingia kwa njia ya misafara wakawalemaza watu miguu. Unyamwezi ulikuwa umekwisha kuchoshwa na vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, na Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kutekwa na Wajerumani. Watu walipopungua na mifugo kutoweka, msitu ulirudi, na mbung'o wakarudi nao.

Serikali ya Mwingereza iliongeza lake. Kuanzia miaka ya 1920, malale yalipozidi katika nchi ya Tabora na Kahama, Dakta George Maclean aliongoza mpango wa kuwahamisha wakazi waliotawanyika msituni na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa. Familia ziliacha mashamba, makaburi na visima vyao. Kwa hiyo sehemu ya utupu uliochorwa mwaka 1936 ilikuwa imetengenezwa miaka michache tu kabla ya wino kukauka, na serikali ileile iliyomlipa mchoraji mshahara.

Hilo halimfanyi Gillman kuwa mwongo. Alipima alichokikuta. Kazi yake ya mwisho kubwa ilikuwa ramani ya uoto wa Tanganyika, aliyoikusanya kwa miaka mingi ya kusafiri kwa treni, gari na miguu, akiandika miti kila alikopita. Hakuiona ikitoka. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1946, na ramani ikachapishwa 1949, tena katika Geographical Review. Juu yake Tabora imezungukwa na bahari ya miyombo. Miti hiyo imekatwa sana tangu hapo, mingi ikiishia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge, na maofisa wa misitu wanaotaka kujua nini kilikuwapo wana ramani hiyo ya kuanzia.

Waliomfuata kwenye reli waliijenga Tabora kuwa mji wa familia za reli. Chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa 1948, fundi au msimamizi wa stesheni aliweza kuhamishwa Voi, Kampala au Moshi na mke na watoto, akarudi Tabora baada ya miaka na watoto waliosoma katika nchi tatu. Mwaka 1977 ushirikiano huo wa nchi tatu ukavunjika, na kila nchi ikachukua vichwa na mabehewa yaliyokuwa kwake. Chuo cha reli cha Tabora kiliendelea kufundisha madereva, mafundi njia na wapanga ishara wa Tanzania.

Siku hizi maji yenyewe ndiyo yanayosafiri. Mwanzoni mwa 2021 mradi uliojengwa kwa mkopo wa India ulikuwa umekwisha kuyaleta maji ya Ziwa Victoria kwa bomba hadi Nzega, Igunga na Tabora, yakielekea kusini kwenye njia ileile ambayo misafara iliyotoka Unyanyembe iliitembea ikielekea ziwani. Treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, haihitaji tenki la maji kwenye kila stesheni, na tuta lake linaendelea kujengwa kutoka Makutupora kwenda Tabora na Isaka.

Mto mmoja bado unawashughulisha wahandisi kama ulivyowashughulisha wa 1909. Kati ya Kilosa na Gulwe, reli ya Holzmann ilipitishwa katika bonde la Mkondoa kwa sababu ndiko kulikokuwa na mteremko mwepesi. Mto huo hufurika na kulisomba tuta. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata Reli ya Kati kwa miezi. Waliopima SGR walipofika Kilosa waliacha bonde, wakapanda kwenye milima na kutoboa mahandaki manne.